Kama Nimule wanapima mahindi, wapime na betri

Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na laptopu nyingi zinazouzwa Juba zikaachwa nyuma kwa siku moja. Masharti ya Windows 11 ni magumu: prosesa ya Intel iwe angalau ya kizazi cha nane, na ndani kuwe na kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0. HP EliteBook 840 G3, Lenovo ThinkPad T460 na Dell Latitude E7470 ni za kizazi cha sita. Hazimo. Na mashine za rika hilo ndizo utakazozikuta zimepangwa mezani ukizunguka masoko ya Custom na Konyo Konyo na maduka ya katikati ya mji, zimefutwa vumbi asubuhi na kufikia saa nne zimeshapata vumbi jingine.

Tangu hapo maneno yamekuwa mengi. Wapo wanaosema sasa Sudan Kusini ifunge mlango, kompyuta za mtumba zisiingie tena, kwa sababu watu hawakupigania uhuru ili nchi yao igeuzwe jalala la ofisi za Ulaya. Hoja hiyo ina heshima yake, na wanaoitoa wanaipenda nchi. Lakini mlango wanaotaka kuufunga siwo unaoingiza hasara. Nimekaa na mafundi wa mji huu muda wa kutosha kuona nini hurudishwa kwao kikiwa kimekufa kabla ya wakati wake, na mara nyingi si laptopu iliyotumika. Ni kitu kipya kabisa, kilichotoka kwenye boksi linalong'aa, na boksi lenyewe limeandikwa uongo.

Tuanze na huo mtumba. Kampuni kubwa na idara za serikali za Ulaya na Ghuba hubadilisha laptopu kila baada ya miaka 3 au 4, mara nyingi kwa sababu udhamini umekwisha na si kwa sababu mashine imeharibika. Zinauzwa kwa jumla, zinapelekwa Dubai na Sharjah, zinachambuliwa kwa madaraja: isiyo na mkwaruzo, yenye mikwaruzo, isiyowaka. Kutoka huko nyingine hupanda ndege, nyingine hushushwa Mombasa ndani ya kontena, zikapita Malaba, Kampala, Gulu na Elegu hadi Nimule, mji wetu wa mpakani. Nimule hadi Juba ni kilomita 192 za lami, barabara iliyokamilika mwaka 2012 kwa fedha za Marekani, na mji mzima unaitegemea: unga, saruji, nyanya, mafuta, na kompyuta. Zamani bidhaa nyingi zilishuka kutoka Khartoum. Vita vilivyolipuka kule Aprili 15, 2023 viliivuruga njia hiyo, Juba ikazidi kuelekeza macho kusini, kwenye bandari ya Waswahili.

Mashine ya ofisi hutengenezwa ili ifunguliwe. Kampuni yenye wafanyakazi 5,000 haitaki laptopu ambayo ikiharibika kibodi inatupwa yote, kwa hiyo mtengenezaji analazimika kuweka skrubu badala ya gundi. Na kwa kuwa ziliuzwa kwa mamilioni, kila iliyokufa ni ghala la vipuri kwa iliyo hai. Hilo nililiona waziwazi siku mwalimu mmoja wa sekondari alipofika kwenye kibanda cha fundi pale Custom na fedha alizokuwa amezidunduliza. Ulikuwa mwaka ambao watumishi wa umma walikaa miezi mingi bila mshahara, na kila aliyekuwepo alijua fedha zile zimetoka wapi.

Mezani palikuwa na laptopu mbili za bei inayokaribiana. Moja mpya, nyembamba, prosesa ya Celeron, RAM ya GB 4, hifadhi ya GB 64. Ya pili EliteBook iliyotumika, kona moja imechubuka, herufi A imefutika kwenye kibodi, lakini ina RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256. Mwalimu alikuwa ameshaishika ile mpya. Fundi, kijana aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, na kurudi na Kiswahili cha huko, hakubishana naye. Aliigeuza EliteBook kifudifudi, akalegeza skrubu, akautoa mfuniko wote mzima.

"Mwalimu, tazama. RAM hii, na nafasi ya kuongeza hii hapa. Diski hii. Feni hii. Betri hii. Kila kimoja kinatoka peke yake."

Ile mpya hakuifungua, maana ilikuwa ya kuuzwa. Akavuta kutoka chini ya meza nyingine ya aina ile ile iliyoletwa ikiwa imekufa, akamwonyesha ubao wake: RAM imechomelewa, hifadhi imechomelewa, betri imegandishwa kwa gundi. Hifadhi ya GB 64 ikishabeba Windows na masahihisho yake haibakizi nafasi ya maana, na hakuna pa kuongezea.

"Na hii ya zamani ikifa?" mwalimu akauliza.

"Ikifa, mwalimu, tutajua kilichokufa ni nini, na tutakipata."

Kisha akaiwasha, akafungua lile dirisha jeusi la amri, akaandika powercfg /batteryreport. Ukatoka ukurasa wenye mistari miwili muhimu: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na uwezo wake wa sasa. Ya kwanza ilisoma 46,500, ya pili 29,000 na ushee. Mwalimu akapiga hesabu kwenye simu, akapata asilimia 62. Hapo yakaanza mazungumzo ya bei, na bei ikashuka, kwa sababu sasa mnunuzi na muuzaji walikuwa wanaongelea namba ile ile. Sijaona chombo cha kumlinda mlaji kinachoshinda hicho, nacho kimo ndani ya kila laptopu yenye Windows, bure.

Mtumba nao una hila zake, na mnunuzi azijue. Akiiwasha mashine aingie kwenye mipangilio ya awali, ile inayotangulia Windows, aone kama kuna nenosiri la mmiliki wa zamani. Kuna laptopu zinazouzwa zikiwa bado zimefungwa na kampuni iliyozimiliki; zinawaka vizuri sokoni, ukiziunganisha na intaneti nyumbani zinadai barua pepe ya kazini ya mtu aliye Rotterdam. MacBook na Chromebook nazo hukumbwa na hilo. Aulize pia diski imewashwa saa ngapi tangu izaliwe, programu ya CrystalDiskInfo humwambia papo hapo. Na kama mashine bado ina diski ya zamani ya kuzunguka, hapo ndipo pa kutia fedha kwanza. Kuibadilisha kwa SSD ndogo huiongezea kasi kuliko kitu kingine chochote unachoweza kununua, na SSD haina sehemu inayozunguka, kwa hiyo haijali sana mashimo ya barabara ya Gudele ukiwa juu ya boda boda.

Ndiyo, lakini Windows 10 imekwisha. Hili ni la kweli na halifai kupuuzwa, hasa kwa mtu anayefanya mambo ya benki kwenye kompyuta. Haikuzimika, kilichokoma ni masahihisho ya usalama. Microsoft yenyewe iliwapa watumiaji binafsi nafasi ya kujiandikisha na kuongezewa mwaka mmoja, hadi Oktoba 2026. Baada ya hapo jibu ni Linux, na mimi ningesema hata kabla ya hapo. Linux Mint inakimbia vizuri kwenye laptopu ya miaka kumi, inakuja na LibreOffice inayofungua nyaraka za Word, na inapakuliwa mara moja tu, faili moja la takriban GB 3, likatiwa kwenye flashi na kuzunguka mtaa mzima. Katika mji ambao bando linaisha kabla ya wiki kuisha, mashine isiyojipakulia vitu nyuma ya mgongo wako ni nafuu unayoiona kwa macho. Kuna faida ya pili ambayo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Juba wanaifahamu kwa uchungu. Flashi ikiingia kwenye kompyuta ya kibanda cha kuchapisha hutoka na kirusi, mafaili yote yanageuka njia za mkato zisizofunguka, na ukiichomeka nyumbani kinahamia kwako. Kirusi hicho kimeandikwa kwa ajili ya Windows. Kwenye Linux hakina la kufanya.

Nawashauri pia waweke Kiwix, programu inayobeba Wikipedia nzima na vitabu vingi bila mtandao. Januari 2025, baada ya ghasia zilizofuatia mauaji ya Wasudani Kusini huko Wad Madani, Sudan, mamlaka za hapa ziliamuru Facebook na TikTok zifungwe, na amri ikaondolewa siku chache baadaye. Mwanafunzi ambaye masomo yake yako ndani ya diski hayumbi na mambo kama hayo.

Sasa joto. Machi 2024 serikali ilifunga shule nchi nzima kwa sababu ya wimbi la joto lililotabiriwa kufika nyuzi 45, na Februari 2025 shule zikafungwa tena. Kompyuta haina likizo hiyo. Betri ya lithiamu ikichajiwa ndani ya chumba cha mabati saa nane mchana inazeeka haraka sana, na vumbi la barabara za udongo linaziba feni mpaka prosesa inajipunguzia kasi ili isiungue. Watu husema kompyuta imekuwa nzito, wanataka RAM. Mara nyingi inachohitaji ni kufunguliwa, kupulizwa, na kupakwa upya ile dawa nyeupe kati ya prosesa na bomba la kupozea, kwa sababu ya zamani imekauka ikawa unga. Ni kazi ya nusu saa. Laptopu ya gundi haikupi nafasi ya kuifanya, na ndiyo maana nasisitiza skrubu.

Na umeme. Juba ina kituo cha megawati 33 kilichozinduliwa Novemba 2019, cha kampuni ya Ezra, na umeme wake unasambazwa na kampuni ya JEDCO kwa mita za kulipia kabla, kama LUKU ya Tanzania. Kwa waliofikiwa na nguzo maisha yalibadilika. Mji uliokuwa ukinguruma kwa jenereta usiku kucha ulianza kulala. Lakini kwa takwimu za Benki ya Dunia waliofikiwa na umeme nchini kote bado ni chini ya asilimia 10, na hapa hapa Juba ukitoka nje kidogo ya mitaa ya kati unaingia kwenye sola na jenereta ndogo za petroli. Mtu anayepiga hesabu ya kompyuta bila kupiga ya umeme hajapiga hesabu. Kompyuta ya mezani na skrini yake inakula wati 100 hadi 200. Laptopu inakula 20 hadi 40, na inabeba betri yake mwenyewe, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya sentensi hupotezi sentensi. Ndiyo sababu siwashauri watu wa hapa kununua kompyuta ya mezani hata wakipewa kwa nusu bei, isipokuwa wana kazi ya studio.

Vyombo vya nyumbani vina ugonjwa tofauti. Si kukatika kwa umeme kunakoua jokofu, ni kurudi kwake. Unaporudi, volti huruka juu, na kompresa iliyokuwa inafanya kazi inalazimishwa kuwaka tena wakati gesi ndani bado ina msukumo. Kile kifaa cha kinga kinachokaa kati ya soketi na jokofu, kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme, kina bei ndogo sana ukilinganisha na kompresa. Kina mama wanaouza maji baridi na barafu mitaa ya Munuki na Gudele wanakijua kuliko sisi tulio maofisini, kwa sababu jokofu ndilo duka. Wanaotumia inveta nao wahakikishe ni ya wimbi safi. Zile za bei ya chini hutoa umeme wa ngazi ngazi. Taa na chaja huvumilia, lakini mota ya jokofu na ya feni huvuma, hupata moto, na haifiki mbali.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya niandike.

Chukua flashi iliyoandikwa TB 2. Inauzwa hapa, na Kampala, na Nairobi, na Kariakoo, kwa bei ambayo haiwezi kununua hata robo ya hifadhi hiyo. Ndani kuna kumbukumbu ya GB 16 au 32, na kijisehemu cha kuongoza kimebadilishwa ili kiiambie kompyuta kuwa ni TB 2. Utanakili mafaili na yatakubali. Yakipita kipimo cha kweli, mapya yanaandikwa juu ya yale ya zamani au yanapotea moja kwa moja, huku majina yakiendelea kuonekana. Mwanafunzi anagundua siku ya kuwasilisha. Zipo programu za bure, H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux, zinazojaza flashi mpaka mwisho kisha kusoma upya zilichoandika. Kila muuzaji mwaminifu angeweza kuziendesha mbele ya mteja.

Chukua pawabenki iliyoandikwa mAh 50,000. Betri ndogo za duara zinazowekwa ndani, zile za ukubwa wa 18650, zile bora kabisa hubeba karibu mAh 3,500 na moja ina uzito wa gramu 45 hadi 50. Ili kufika 50,000 unahitaji 15, yaani karibu gramu 700 kabla hujahesabu ganda. Ile inayouzwa kando ya barabara ukiishika haifiki hata nusu ya kilo.

Chukua paneli ya sola. Jua kali la kipimo cha maabara linatoa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na paneli nzuri za siku hizi hugeuza zaidi kidogo ya moja ya tano kuwa umeme. Paneli yenye urefu wa mita moja na upana wa nusu mita, hata ingetengenezwa na nani, haitoi zaidi ya wati 100 na kitu. Na bado utaikuta ina lebo ya 300. Futi ya fundi cherehani inatosha kuikamata.

Kisha betri ya risasi ya sola, ambayo ndiyo mzigo mkubwa kuliko yote katika bajeti ya nyumba isiyo na nguzo. Betri ya volti 12 na Ah 200 ina uzito wa kilo 55 hadi 65, kwa sababu uwezo wake unatokana na wingi wa risasi iliyomo, na risasi haina njia ya mkato. Ya Ah 100 ni karibu kilo 30. Mwanamume akiinyanyua kwa mkono mmoja betri iliyoandikwa 200 na kuitupia juu ya raksha, yaani bajaji, jua hiyo si 200. Konyo Konyo kuna mizani kila baada ya hatua chache, ya vitunguu, ya samaki wakavu, ya makaa. Nimemwona mama mmoja akimwambia kijana wa duka aibebe betri mpaka kwenye mizani ya jirani. Kijana alikataa. Mama akaondoka na fedha zake, na waliokuwa nyuma yake wakaondoka pia.

Hesabu hizi zote ni za shule ya msingi. Hazihitaji maabara. Hapo ndipo ninapoliuliza Shirika la Viwango la Taifa swali ambalo naamini ni la haki. Mwaka 2023 malori ya mahindi na unga kutoka Uganda yalizuiliwa Nimule kwa sababu ya sumukuvu. Madereva walilalamika, wafanyabiashara wa Kampala walilalamika, serikali mbili zikakaa kuzungumza, lakini msingi wa hatua ile ulikuwa sahihi: mtu ana haki ya kujua anachokila. Sumukuvu haionekani kwa macho, inahitaji sampuli na vipimo. Uzito wa betri unahitaji mzani. Vipimo vya paneli vinahitaji futi. Nchi iliyoweza kusimamisha malori kwa kitu kisichoonekana inaweza kusimamisha kontena kwa kitu kinachoonekana na kila mtu, na kumwambia mwagizaji abandike lebo ya kweli au ageuze gari. Hata kama lori moja tu kati ya kumi litapimwa, habari zitafika Kampala kabla ya jioni.

Atakayesema huku ni kuwaonea wafanyabiashara wadogo ajiulize nani analipa sasa. Fedha ya Sudan Kusini imeporomoka sana tangu iachiwe ielee Desemba 2015, na ikadidimia zaidi bomba la mafuta lilipopasuka nchini Sudan Februari 2024. Bei za vyombo hivi zinatajwa kwa dola. Mtu mwenye dola nyingi ananunua betri ya lithiamu ya chapa inayojulikana, iliyoagizwa kwa jina lake, na haguswi na lebo za uongo. Anayeguswa ni yule anayebadilisha mafungu ya pauni kuwa noti chache za dola na kununua mara moja kwa miaka mitatu. Akinunua 200 akapewa 90, ataishusha betri mpaka chini kila usiku bila kujua, na betri ya risasi inayoshushwa chini ya nusu kila siku, katika joto hili, haitamaliza miaka miwili. Atanunua tena. Umaskini unazidishwa na tarakimu iliyochapishwa kwenye karatasi.

Ndiyo maana marufuku ya mtumba hainishawishi. Uganda ilitangaza kuzuia majokofu, televisheni na kompyuta zilizotumika katika bajeti yake ya mwaka 2009. Kwa majokofu naiunga mkono mpaka leo. Jokofu kuukuu linakula umeme kupita kiasi na baadhi bado yana gesi zinazoharibu anga. Lakini leo ukitaka laptopu ya mtumba Juba, nyingi zimetoka Kampala. Biashara haikufa, kwa sababu hitaji lilikuwa la kweli. Ukizuia EliteBook isiingie, mwalimu yule hatanunua laptopu bora mpya. Atanunua ile ya gundi, na itakuwa taka baada ya miezi kumi na minane badala ya miaka sita. Sheria ya kimataifa yenyewe inatenganisha mambo haya: tangu Januari 1, 2025 Mkataba wa Basel unataka taka zote za vifaa vya umeme zivuke mpaka kwa idhini ya nchi inayopokea. Kinachowaka na kufanya kazi si taka. Kinachotakiwa ni kukiwasha mpakani na kuona.

Na anayekifanya kiendelee kuwaka ni fundi. Katika ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Sudan Kusini ilijiunga nayo mwaka 2016, kompyuta imewekwa asilimia sifuri, na hilo ni jema. Ningependa roho ile ile ifike kwenye skrini, vibao, feni na chaja zinazoingia moja moja ndani ya begi la basi la Kampala, zikilipiwa hiki na kile kwenye kila kizuizi cha barabarani. Kijana wa Kakuma anayebadilisha skrini anaokoa dola ambazo zingetoka nje ya nchi. Hajatengewa mkopo wala chumba katika mpango wowote ninaoufahamu, na yeye na wenzake wanafanya kazi chini ya turubai, na chuma cha kuchomelea kikichajiwa kwa zamu.

Limebaki la mwisho, nalo linanitia hofu kuliko mengine. Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Rwanda ina kiwanda chake Bugesera, Nairobi ina kituo chake. Juba ina mafundi wanaorundika. Laptopu iliyokufa hainitishi sana, kwa kuwa inaliwa vipuri mpaka mfupa. Betri za risasi ndizo. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, wanajua. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi ubavuni mwa mtaa wao kuanzia 2007 hadi kilipofungwa 2014, risasi ikaingia kwenye damu ya watoto. Mwanaharakati Phyllis Omido alisimama nao, akatunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mahakama ikaamuru mwaka 2020 walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Fidia ikatenguliwa katika rufaa, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, iliyoirudisha Desemba 2024. Watoto waliokuwa wachanga kiwanda kikifanya kazi walikuwa wameshafika sekondari.

Juba haina kiwanda kama hicho, lakini ina watu wanaovunja betri kwa shoka uani, wakamwaga asidi mtaroni na kuyeyusha risasi kwenye sufuria ili kutengeneza vizito vya nyavu. Wakati huo huo malori yaliyoleta mizigo kutoka Mombasa na Kampala yanarudi mengi yakiwa matupu, kwa sababu ukiacha mafuta, nchi hii haiuzi nje vitu vingi kwa barabara. Nafasi ya kuzirudisha betri kwa utaratibu, kwa vibali, kwenye viwanda vyenye mabomba ya kuchuja moshi, inapita mbele yetu kila siku. Mzani ukiwekwa Nimule kwa ajili ya betri zinazoingia, daftari lake litakuwa tayari lina jina la mwagizaji na tani alizoleta. Basi kabla ya kupewa kibali cha shehena nyingine, aonyeshe amerudisha kilo ngapi za zilizokufa na amezipeleka wapi.